Wasifu wenu wa LinkedIn kabla ya Jumamosi

Habari za jioni, ndugu zangu. Nimepitia wasifu mlionitumia wa LinkedIn, ule mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi. Wengi mmeandika "Natafuta kazi" kwenye mstari ulio chini ya jina. Tafadhali badilisheni! Mstari huo unabeba hadi herufi 220, na ndio anaokutana nao mwajiri kwanza anapotafuta mtu. Andika unachokifanya: "Mhasibu, hesabu za SACCOS na ritani za VAT" inamweleza mengi kuliko "mchapakazi, mwaminifu". Hilo la uaminifu atalisikia kwa uliowahi kufanya nao kazi, kwa hiyo waombeni wawaandikie maneno mawili matatu ya kuwapendekeza. Picha iwe ya uso wako peke yako. Aliyekwama anipigie leo usiku, tutarekebisha pamoja.