Barua ya wazi kwa askari wapya: kazi inaanzia kaunta

Wanangu mnaotoka depo ya polisi Moshi,

Hongereni kwa kuhitimu. Gwaride mmelipiga, wazazi wamepiga picha, sasa mnasubiri kupangiwa vituo. Kabla hamjaripoti, nisikilizeni mimi sajenti mstaafu, maana kuna jambo limenikera na bado halijanitoka.

Juzi nilimsindikiza jirani yangu kituoni, kituo sikitaji. Ni mama ntilie. Alipigiwa simu na tapeli aliyejifanya mhudumu wa kampuni ya simu, akatajiwa hadi jina lake kamili, na fedha za kikoba zikaondoka. Kaunta alikuwepo konstebo wa umri wenu, macho kwenye simu yake. "Mama, si umetuma kwa mkono wako mwenyewe? Sasa polisi tufanyeje?" Ujumbe wa muamala ulikuwepo bado kwenye simu ya yule mama, una namba ya kumbukumbu, saa na jina la aliyepokea. Hakuomba hata kuuona. Alipobembelezwa sana akatoa RB, ile namba ya taarifa iliyoandikwa kituoni, kisha akadai hela ya vocha ya mpelelezi. Ya vocha!

Fedha ya kwenye simu inakimbia kwa dakika. Kampuni ya simu isipoambiwa mapema iizuie, inatolewa kwa wakala wa mji mwingine na habari imekwisha. Laini tumesajili kwa alama za vidole, Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015, lakini vitasaidia nini kama anayepokea malalamiko hajui aandike nini? Andikeni namba iliyopokea, saa, na kumbukumbu ya muamala. Mwonyesheni mama namna ya kupiga *106# aone kama kuna laini asiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake. Mwambieni namba ya tapeli aitume kwa ujumbe kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Hayo yote hayahitaji nyota begani.

Yule mama aliporudi kwenye biashara yake aliwaambia wenzake: "Msijisumbue kwenda." Basi hapo ndipo ninapotaka mkae mfikiri. Mwanzoni mwa miaka ya 80, kule Shinyanga na Tabora, ng'ombe waliibwa mpaka watu wakachoka kungoja dola. Wakaunda sungusungu wao, na pinde na mishale, na Serikali ikaja kuwatambua baadaye. Leo mijini hakuna hata huo utaratibu. Inapigwa kelele ya "mwizi!", linaletwa tairi na petroli, asubuhi kamanda anasoma taarifa kwamba marehemu ameuawa na "wananchi wenye hasira kali". Mimi nawaambia, sehemu kubwa ya hasira hiyo imepikwa kaunta.

Na nyinyi wananchi msijifiche nyuma yangu. Simu ya laki nane unauziwa kijiweni kwa elfu tisini, huulizi risiti, halafu yako ikiibwa unalia kwamba polisi wamelala. Mwanao akikamatwa na bodaboda ya wizi, wa kwanza kufika kituoni na bahasha ni wewe mzazi. Askari mla rushwa tumemlisha wenyewe.

Mengine nayataja tu, mlishafundishwa. Dhamana ni bure. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi kwenda nayo hospitali, haiuzwi. Mtoto hachanganywi mahabusu na watu wazima. Mwanamke aliyepigwa mpelekeni dawati la jinsia, msimsuluhishe pale mbele za watu na mumewe kasimama pembeni. Ukipewa upolisi kata, wajue mwenyekiti wa mtaa na vijana wa kijiweni kwa majina kabla hujawahitaji.

Wanangu, siwatukani. Nimelala kwenye kota hizo mtakazolala, za mvua kuingia ndani, na nimenunua karatasi za maelezo kwa mshahara wangu. Najua mshahara wenyewe. Ila shida zetu hazikuletwa na mama ntilie, na yeye siyo wa kuzilipia.

Nanyi ma-OCS, wakuu wa vituo mtakaowapokea, acheni tabia ya kuifanya kaunta kuwa mahali pa kumtupa askari mgeni au aliyekosana na mkubwa wake. Wekeni pale sajenti mzoefu, hasa usiku na mwisho wa mwezi, hawa watoto wakae pembeni yake miezi ya mwanzo. Simu zao binafsi ziwekwe droo wawapo zamu. Na karatasi ziwepo.

Sajenti mstaafu,
Morogoro