Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Zanzibar: mzee anaweza kuwa mahututi bila ya homa

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kutoka Pemba kuhusu maradhi yanayowachukua wazee wetu huku sisi tukiamini kuwa ni uzee tu: maambukizi ya bakteria yanayoanzia kwenye kibofu, pafu au kidonda, kisha yakaingia katika damu.

Mama yangu mkubwa, aliyekuwa na miaka 74, aliamka asubuhi moja akiniita kwa jina la kaka yake aliyekwishafariki, akakataa uji, na akawa anapumua haraka haraka. Jirani mmoja alisema ni shetani, mwengine akasema ni utu uzima. Kituoni alipimwa malaria, hakuonekana nayo. Joto lake lilikuwa nyuzi 36.4, akarudishwa nyumbani. Hakuna aliyehesabu pumzi zake wala aliyempima presha. Siku ya pili, tulipomfikisha hospitali, presha ilikuwa imeshuka mno na miguu imepoa, na daktari akatueleza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo yalikwishaenea mwilini. Tulimzika siku ya tatu.

Simlaumu muuguzi yule. Kwa miaka mingi tumezoea kwamba ugonjwa ni homa na homa ni malaria. Malaria imepungua sana Visiwani, mazoea yamebaki. Mwili wa mzee mara nyingi hauna tena nguvu ya kupandisha joto, kwa hivyo kipimajoto huweza kuonesha salama wakati mtu yumo hatarini. Dalili za maambukizi haya kwa mzee huwa ni kuchanganyikiwa ghafla, kuanguka bila ya sababu, kukataa chakula, mkojo kupungua, kupumua mara 22 au zaidi kwa dakika, au kipimo cha juu cha presha kushuka hadi 100 au chini yake. Na mwenye kisukari ambaye kidonda chake cha mguu kinamuuma kupita kinavyoonekana, huyo anahitaji kuonwa na daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo, si kufungwa bendeji na kuambiwa arudi Jumatatu.

Ninaloomba ni kwamba kila mzee anayeletwa kituoni ahesabiwe pumzi na apimwe presha, na jamaa zake waulizwe kama akili yake imebadilika, hata akiwa hana homa. Na dalili za hatari zikiwepo, muuguzi awe na ruhusa ya maandishi ya kumchoma dozi ya kwanza ya antibayotiki na kumtundikia dripu kabla ya gari kuondoka. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2021 inataka dawa hiyo itolewe ndani ya saa moja pale presha inapoporomoka, na kwa mgonjwa wa Micheweni, kaskazini ya Pemba, anayepelekwa hospitali ya Mkoani, kusini, saa hiyo inaweza kumalizikia njiani.

Damu ya kuotesha vimelea maabara, ili ijulikane ni bakteria gani, ichukuliwe kabla ya dawa inapowezekana, lakini dawa isisubirishwe kwa ajili yake. Kazi hiyo si ngeni kwetu: damu za wagonjwa wa Pemba zimewahi kuoteshwa katika utafiti, na kimelea cha homa ya matumbo ndicho kilichoonekana zaidi.

Kuhusu familia, njia ipo. Tangu mwaka 2016, wazee wa miaka 70 na zaidi wameandikishwa kwa ajili ya pensheni jamii, na masheha wanawajua nyumba kwa nyumba. Naomba Wizara iwatumie masheha hao kuwafundisha watoto na wajukuu dalili hizi, nasi tupatiwe jibu lako hadharani.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Wete, Pemba