Leseni ya kubeba, benchi la kunywea

Mhariri,

Ni miaka 19 nanunua gazeti lenu na sijawahi kuwaandikia. Habari yenu ya juma lililopita kuhusu msako wa baa imenishinda kunyamaza. Mliandika kana kwamba shida ni wauzaji wasio na leseni. Kwetu leseni ipo, imetiwa fremu na kutundikwa ukutani. Wa kuuliza ni leseni ya nini ndiye hayupo.

Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile tuliyoizoea kama Sheria ya Mututho, kwa jina la mbunge John Mututho aliyeipigania, haikuweka leseni moja ya pombe. Kuna ya baa, mteja akae anywe. Kuna ya rejareja ya kubeba, ndiyo ya wainsi, yale maduka ya mvinyo na pombe kali. Kuna ya jumla, ya hoteli, ya mkahawa, ya klabu, hata ya muda kwa shughuli ya siku moja. Mwenye ya kubeba anauza chupa iliyofungwa, mnunuzi anaondoka nayo. Basi.

Wainsi iliyo jirani yangu ilianza vizuri, kaunta na wavu wa chuma. Baadaye yakaja makreti mawili yaliyopinduliwa, kisha benchi, kisha pazia, na sasa kuna televisheni ya kutazamia mpira. Sheria hiyo hiyo inakataza kileo kwenye chupa iliyo chini ya mililita 250, ndiyo maana kipimo kidogo ni kwota, chupa ya mililita 250, lakini pale wanamimina kwenye kiglasi, na mwenye shilingi 50 hakosi chake. Baa yenyewe ilipangiwa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi. Hapa watu wananywa kabla jua halijakausha umande. Januari, shule zilipofunguliwa, saa moja na robo asubuhi, niliwakuta wavulana wawili wenye sare wakiokota chupa tupu za kuuza. Yule mdogo aliinua kwota kwenye mwanga, akaitikisa, akakinga ulimi mpaka tone la mwisho, kisha akaitia mfukoni pamoja na nyingine. Mamake nilimfundisha darasa la nne. Nilirudi nyumbani sikuweza kunywa chai. Siku hiyo hiyo niliazima tepu ya fundi, ya mita 50, tukaivuta na mjukuu wangu kutoka mlango wa duka hadi lango la shule: mita 118. Sheria inataka zisipungue 300.

Nilikwenda ofisi ya leseni za pombe. Afisa alifungua faili, akaniwekea kidole kwenye karatasi: ya kubeba. Kisha akasema, "Lakini mwalimu, hawa wana leseni." Nikamuuliza nani alipima umbali, akaniambia duka lilikaguliwa. Na tangazo la maombi, ambalo mkazi hulisoma ndipo aweze kupinga, lilibandikwa hapo ofisini kwao. Nani wa mtaani kwetu angepanda matatu kwenda kusoma ukuta?

Wala si wainsi peke yake. Hatua chache mbele kuna mkahawa wenye leseni ya kuuza kileo pamoja na chakula. Jiko lake sijaliona likitoa moshi tangu Pasaka ya mwaka juzi, ila spika zake mbili zinatetemesha vioo vyangu hadi usiku wa manane, na mgonjwa wa nyumba ya tatu halali.

Ombi langu ni hili. Kila mlango unaouza pombe uandikwe aina ya leseni kwa rangi nyekundu, herufi zenye urefu wa kiganja: KUNYWEA HAPA au KUBEBA TU, na saa za kuuza chini yake, ili hata mtoto wa darasa la tatu ajue kosa akiliona. Mkaguzi aje na tepu, tena aivute mbele ya wakazi. Na duka lenye leseni ya kubeba liruhusiwe kiti kimoja tu, cha muuzaji.

Mwalimu mstaafu,
Bonde la Ufa