Mhariri, habari za korosho mmezificha wapi?

Mhariri, salamu kwako na timu yako yote. Gazeti la karatasi sina neno nalo, ukilishika tu unajua michezo iko nyuma, makala katikati, na wazee huku Masasi wanaanzia nyuma wala hawajali ukurasa wa kwanza umebeba nini. Shida yangu ni tovuti.

Pale juu mmeweka Habari, Habari Mpya, Kitaifa, Matukio, Makala na Mengineyo, sasa jamani msomaji atajuaje Habari na Matukio vinatofautiana nini? Mi nafuatilia minada ya korosho, msimu ukishaanza Oktoba kila mkulima huku anataka kujua mnada uliopita bei imesimama ngapi maana mzigo wake uko ghalani na hela anaisubiria hukohuko. Basi mnada mmoja nimeukuta Biashara, uliofuata Kilimo, mwingine kisa waziri alikuwepo mkautupa Siasa! Yaani nyie mnapanga kwa kuangalia nani kaongea, sio habari inahusu nini. Waziri akifungua kisima hiyo ni habari ya maji, mwenye shida ya maji hawezi kwenda kuitafuta Siasa.

Halafu naona mnatumia WordPress, ile programu ya kuendeshea tovuti, maana lile kundi la jina la Kiingereza, Uncategorized, ambalo programu inaweka yenyewe mtu akisahau kuchagua limejaa habari zenu kibao, na linaonekana kabisa juu ya kichwa cha habari, kwenye gazeti la Kiswahili! Hilo jina linabadilishwa kwenye ukurasa wa makundi (Categories), dakika mbili tu. Ila kubadili jina bila kuhamisha vilivyomo humo ndani mtakuwa mmepaka rangi tu.

Mimi nashauri makundi saba au nane yatoshe, kila habari iwe na kundi lake moja kuu. Maktaba kwa mfumo wa Dewey wanafanya hivyo tangu 1876, kitabu kina namba yake na rafu yake basi. Vingine vyote kama korosho, Masasi, stakabadhi ghalani, jina la waziri, hizo ni kazi za tagi, yale maneno ya kubonyeza yanayobandikwa kwenye habari, WordPress inazo tangu 2007 na habari moja inabeba tagi hata tano bila shida, msomaji akibonyeza korosho anapata minada yote pamoja hata kama mmoja uko Biashara na mwingine Kilimo. Michezo mnaweza kuigawa kwa ndani, soka, ngumi, riadha, ila msije mkafungua kundi la mchezo ambao mnaandika mara moja kwa mwaka.

Kundi likifutwa habari zake hazifutiki, ila zisizo na kundi lingine zinaangukia kwenye lile la Kiingereza, kwa hiyo hamisheni kwanza ndo mfute. Na fundi wenu aangalie link, kama jina la kundi limo ndani ya anwani basi mkihamisha habari anwani nayo inabadilika, zile za zamani azielekeze kwenye mpya, maana huku watu wanatumiana link za bei kwenye magrupu ya WhatsApp na mtu akibonyeza akakuta ukurasa haupo anaona mmeficha bei.

Kilimo mkikipanga upya naomba kiwe juu pale karibu na Biashara, sa hivi kiko chini kabisa, baada ya Nyota zako leo.

Msomaji wenu,
Masasi