Wanaotaka meseji zetu zisomwe wajibu hili kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niwajibu hawa wanaosema eti kama huna cha kuficha unaogopa nini serikali ikisoma meseji zako. Hiyo hoja naisikia kila siku, na wanaoitoa wenyewe simu zao zina namba ya siri ambayo hata wenza wao hawaijui, ila tuyaache hayo.

Mi sipingi upelelezi. Kama kuna mtu anapanga kulipua watu, polisi waende kwa jaji waseme wanamshuku nani na kwa nini, wapewe kibali wamsikilize yeye, hapo sina neno kabisa. Ninachokataa ni huu mtindo wa kuzoa mawasiliano ya watu wote kwanza halafu mshukiwa atatafutwa humohumo baadaye. Juni 2013 Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi za NSA (shirika la Marekani la kunasa mawasiliano), alipotoa zile nyaraka zake za siri ndo tukajua kampuni ya simu ya Verizon ilikuwa imeamriwa na mahakama ya siri ikabidhi rekodi za simu za wateja wake kila siku, mamilioni ya watu ambao hakuna aliyewashuku kwa lolote. Na Machi mwaka huohuo bosi wa ujasusi wa Marekani, James Clapper, aliulizwa na seneta mbele ya kamera kama NSA inakusanya data yoyote ya mamilioni ya Wamarekani, akajibu hapana.

Watetezi wakaja na kauli kwamba aah, hizo ni rekodi tu, maongezi hayasikilizwi. Sasa jamani, mtu akishaona kwamba saa nane usiku ulipiga ile namba ya kusaidia wanaotaka kujiua ukakaa hewani saa nzima, asubuhi ukampigia daktari, mchana mwanasheria wa talaka, anahitaji kusikia neno gani tena? Michael Hayden, aliyewahi kuongoza NSA na pia CIA, shirika jingine la ujasusi la Marekani, alisema mwenyewe hadharani mwaka 2014 kwamba wanaua watu kwa kutegemea metadata, yaani taarifa za nani kampigia nani na lini. Ndo hizo rekodi tu.

Na faida yake? Januari 2014 bodi ya Marekani yenyewe inayoangalia mambo ya faragha ilisema haikupata hata tukio moja la tishio kwa nchi yao ambapo ule mpango wa rekodi za simu ulibadilisha kwa dhahiri matokeo ya uchunguzi wa ugaidi. Hata moja! Wakati huohuo mkaguzi wa ndani wa NSA alishakiri kesi 12 za wafanyakazi kutumia mitambo ya shirika ya kunasa mawasiliano vibaya kwa makusudi tangu 2003, nyingi zikiwa ni mtu kumchungulia mpenzi wake au mke wake anaongea na nani.

Lakini tuseme hao wote wangekuwa malaika, bado kuna hili ambalo wenye hoja ya "huna cha kuficha" huwa hawaligusi. Ukiiamuru kampuni itengeneze njia ya kusikiliza, ile njia inabaki pale, haijui aliyeingia ni polisi au mwizi. Ugiriki yalishawakuta. Mitambo ya kampuni ya simu ya Vodafone kule ilikuwa na programu ya kusikiliza simu kwa ajili ya vyombo vya sheria, watu wasiojulikana wakaiwasha kimyakimya, na kuanzia 2004 hadi Machi 2005 wakawa wanasikiliza simu zaidi ya 100, ikiwemo ya waziri mkuu Kostas Karamanlis na mawaziri wake. Yani serikali ndo ikasikilizwa kwa mtambo uliowekwa kwa ajili ya serikali. Halafu 2024 Marekani ikaja kukiri kwamba wadukuzi wanaohusishwa na China wameingia kwenye kampuni zake za simu na kunakili mpaka taarifa zilizokuwa zimeombwa na vyombo vya sheria kwa amri ya mahakama (China imekanusha). Mkumbuke FBI, wapelelezi wa Marekani, ndo waliokuwa wanalalamika miaka na miaka kwamba enkripsheni (kufunga ujumbe kwa siri asiuelewe mwingine) inawazuia kazi, mwaka 2016 walishavutana na Apple mahakamani kwa sababu ya ayfoni moja tu, na Desemba hiyo ya 2024 serikali yao ileile ikawashauri vigogo watumie apu zenye enkripsheni ya mwanzo hadi mwisho, yaani anayetuma na anayepokea tu ndo wanaoweza kusoma, ili wasisomwe. Nilicheka peke yangu.

Kwa hiyo mbunge yeyote popote anayetaka kupitisha sheria ya kulazimisha kampuni za meseji ziache upenyo kwa ajili ya serikali, aandike humohumo kwenye sheria ni nani atashtakiwa na nani atalipa siku upenyo huo ukitumiwa na mwingine, sio "mamlaka husika", aandike cheo. Na aweke kipengele kwamba aliyesikilizwa simu aambiwe uchunguzi ukiisha, kama sheria ya Ujerumani inavyotaka, ili asiye na kosa aweze kwenda mahakamani kuuliza kwa nini alisikilizwa. Mswada usio na mambo hayo mawili mi nitaupinga, hata kama mimi mwenyewe meseji zangu nyingi ni za kuulizana nani analeta viti kwenye kikao.

Msomaji wenu