Wito wa harambee: redio yetu imenyamaza wiki ya saba

Kwa wazee wetu, akina mama, wavuvi, vijana, walimu wa shule na madrasa, viongozi wa misikiti na makanisa, na wana wa hapa mlioko Mombasa, Nairobi, Muscat, Doha na Jeddah: Assalamu alaikum, na Bwana asifiwe.

Tunawaandikia kwa haya, kwa sababu hii si mara ya kwanza kuwanyoshea mkono. Wiki ya saba sasa, anayefungulia masafa yetu kuanzia Shimoni hadi Vanga hasikii kaswida wala habari za bei ya samaki. Anasikia mlio kama wa mafuta yanayokaangia mhogo. Wengine wenu mmedhani redio zenu zimeharibika na mmezipeleka kwa fundi. Redio zenu ni nzima. Ubovu uko kwetu.

Usiku ule wa masika mtangazaji wetu wa zamu alikuwa akisoma tanzia. Alikuwa amekwisha kutaja jina la marehemu, jina ambalo pengine nusu ya akina mama wa hapa wanalo, na alikuwa anavuta pumzi ataje nyumba ya msiba na saa ya mazishi, radi ilipoupiga mnazi ulio nyuma ya studio. Anasema kishindo hakukisikia kwanza; aliona cheche ya buluu ikiruka nyuma ya mtambo, taa zikazimika, na chumba kikajaa harufu ya plastiki iliyoungua. Kulipopambazuka, watu waliobeba mikeka na sufuria walifika kwenye nyumba tatu tofauti, na katika mojawapo aliyewafungulia mlango alikuwa ni huyo huyo waliyekuja kumlilia. Hadithi hiyo imeshachekwa sana barazani. Sisi bado hatujaweza kuicheka, maana wafiwa wenyewe walizika wakiwa wachache, na walikuwa wametulipa ada ya tangazo.

Fundi aliyekuja kutoka Mombasa alifungua mtambo mbele ya kamati. Transista ya mwisho, ile inayoyapa mawimbi nguvu kabla ya kupanda kwenye antena, ilikuwa imepasuka katikati kama korosho iliyozidi moto. Kisha akakata kipande cha kebo inayopanda mlingotini, akatupa tukishike: shaba iliyopaswa kung'aa ilikuwa kijani kibichi kwa chumvi ya bahari. Akatueleza kwamba hata radi isingepiga, mtambo ulikuwa ukijiua polepole, kwa kuwa kebo iliyooza haiifikishi nguvu yote kwenye antena. Sehemu yake hugonga na kurudi nyuma, na inaporudi hugeuka kuwa joto ndani ya mtambo wenyewe.

Hapa ndipo inapotupasa kusema jambo ambalo baadhi yenu mnalijua na mmelinyamazia kwa heshima. Katika harambee ile ya kabla ya Korona mlitoa fedha nyingi kuliko tulivyotarajia, na katika makisio tuliyowasomea siku hiyo kulikuwa na shilingi 38,000 za kinga ya radi: fimbo za shaba za kuzikwa ardhini, waya mnene, na kizuizi cha kuwekwa kwenye kebo. Vifaa hivyo havikununuliwa. Umeme wa studio ulikuwa umekatwa, tukalipia deni kwa fedha hizo tukiahidiana kuzirudisha, na hatukuzirudisha. Risiti za deni tunazo, na hakuna mjumbe aliyetia hata shilingi mfukoni mwake, lakini mliambiwa zitafanya kazi moja zikafanya nyingine, na radi haikungoja tulipe. Tunawaomba radhi.

Vijana wetu wamekuja na shauri ambalo lingetugharimu kidogo sana, nasi tumelikataa; ni haki yenu kujua sababu. Wazee mnakumbuka kwamba redio hii haikuanzishwa na mfadhili. Ilianzishwa na kijana fundi wa redio mwenye kibanda karibu na forodha, aliyeunga vifaa vichache ndani ya kopo la maziwa ya unga, akapandisha waya juu ya mnazi, na kwa nguvu isiyofika wati moja akawa anarusha kaswida na matokeo ya mpira, yakasikika kilomita mbili hivi. Ilikuwa ni mapenzi tu, kama mwingine anavyofuga njiwa. Chifu alipokuja, alikunywa chai kwanza, akasikiliza kipindi mpaka mwisho, ndipo akasema kwamba kurusha matangazo bila leseni ni kosa na kopo lile lizimwe. Lilizimwa siku hiyo hiyo, na safari ya kutafuta leseni ikaanza. Kopo bado lipo kabatini na linafanya kazi, na vijana wanauliza kwa nini tusiliwashe wakati tunapotafuta fedha.

Hatuliwashi kwa sababu mtambo wa namna hiyo hauna kichujio cha kutosha. Masikio yenu yatausikia kwenye masafa moja tu, lakini wenyewe unatapika mawimbi mahali pengi pasipokuwa pake, na jirani wa karibu wa FM ni ndege: redio zetu zinaishia megahezi 108, na kuanzia hapo hapo ndipo vinapoanza vyombo vya kuongozea ndege, kisha mazungumzo ya marubani na waongozaji wao. Ndege za Ukunda na za Mombasa zina abiria, na wengine wao ni watoto wetu wanaorudi likizo kutoka Ghuba. Isitoshe, tumekwisha kuiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kueleza sababu ya kunyamaza kwetu. Hatuwezi kumwandikia mtu barua ya adabu kwa mkono mmoja na kuvunja sheria yake kwa mkono wa pili.

Lakini barua haiwezi kutulinda milele. Masafa ni mali ya umma, na mwenye leseni akikaa bila kuyatumia anaweza kuyapoteza. Wako wengi mjini wanaoyataka, tena wenye fedha.

Redio ndogo kupotea si jambo geni katika nchi hii. Mwaka 1982, kwa msaada wa UNESCO, kituo kidogo cha FM kilifunguliwa Homa Bay, na kinahesabiwa miongoni mwa redio za kwanza kabisa za jamii barani Afrika. Mwaka 1984 serikali ilikifunga. Siku hizo redio ndogo ilikufa kwa amri. Leo serikali yenyewe inatoa leseni za redio za jamii, na redio hizo zinakufa kwa bili ya umeme. Kanuni za utangazaji za mwaka 2009 zinatuelekeza tusifanye biashara ya faida, na matangazo ya kibiashara tunayopokea yawe ya eneo letu. Hatuna ugomvi na kanuni hiyo, ila mweleweni mwenye duka la mabati wa hapa: zamani alitulipa kila mwezi, leo anaweka picha ya mabati yake WhatsApp bila kumlipa mtu. Watangazaji tunaowafundisha kushika kipaza sauti huchukuliwa na vituo vikubwa pindi sauti zinapokomaa, nasi huwaombea heri. Ama miradi ya wafadhili, ikifika miaka miwili gari jeupe haliji tena.

Wapo wanaosema zama za redio zimepita, watu wana simu. Waulizeni wavuvi wanaolala nje ya Wasini bando linafika wapi. Waulizeni watu wa Vanga, ambao simu zao zikigeukia mtandao wa upande wa Tanzania salio huyeyuka kabla salamu hazijaisha. Redio ya mawe mawili haiulizi bando. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaikaribia pwani ya Tanzania upande wa Mafia, tulisoma tahadhari za hali ya hewa kila saa, kwa Kiswahili, Kidigo na Kivumba, na mashua zilizokuwa zimekwisha kupakia barafu zikaishusha. Sasa kusi limeshika, na hatuna pa kusomea tahadhari.

Wengine mmeuliza kwa nini tusinunue mtambo mkubwa tusikike mpaka Mombasa. Kwanza leseni yetu haituruhusu. Pili, FM husafiri karibu kama jicho linavyoona, kwa hiyo kinachoifikisha mbali ni urefu wa mlingoti kuliko wingi wa wati. Antena iliyo mita 30 juu ya ardhi tambarare huona zaidi kidogo ya kilomita 20, na hiyo inatosha kabisa kwa watu wetu. Kulipia nguvu isiyohitajika ni kulipia umeme usiohitajika, na tumekwisha kuona deni la umeme lilitufikisha wapi.

Tunachohitaji ni shilingi 470,000. Mtambo mpya wenye kichujio chake ni 210,000. Antena, kebo na viunganishi ni 86,000. Kinga ya radi, ambayo bei yake imepanda tangu tulipoacha kuinunua, ni 54,000. Kukwangua kutu ya mlingoti, kuupaka rangi na kubadili nyaya za kuushikilia ni 47,000. Ada za leseni na masafa zilizolimbikizwa pamoja na umeme ni 73,000. Mpaka leo tumepata 118,500: wajumbe wa kamati wamejikata 61,000, wavuvi wametoa 33,000, na akina mama wa chama cha kusuka makuti wametoa 24,500. Zimebaki 351,500.

Angalieni vizuri mpangilio wa hizo hesabu, hasa ninyi mlioajiriwa. Mama anayeuza makuti ametangulia kutoa kabla ya mwalimu mkuu mstaafu na kabla ya mwenye nyumba tatu za kupangisha, na hatuwataji majina kwa kuwa tunaamini kadi zao ziko njiani. Mwendo mfupi kutoka hapa, wenzetu wa Gazi waliilinda mikoko yao kupitia Mikoko Pamoja, wakalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko hiyo huihifadhi, na mapato wakayapeleka kwenye maji na shule. Nao ni wavuvi kama sisi. Na ninyi mlioko Ghuba, ambao kila Idi mlikuwa mnatuma salamu za sauti tuzirushe hewani, mama zenu wakaketi barazani kuzisikiliza mara ya pili na ya tatu, hatuna haja ya kuwaeleza zaidi.

Harambee itakuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, kwenye uwanja wa shule ya msingi, baada ya sala ya alasiri. Kadi zimekwisha kusambazwa, na namba ya kuchangia kwa simu imechapishwa nyuma ya kila kadi. Tafadhali msitume fedha kwa mjumbe yeyote binafsi, hata akiwa ni mwenyekiti. Mzee mmoja ametoa beberu wa kupigwa mnada, na vijana watauza madafu. Wanasiasa wanakaribishwa kama wachangiaji wengine, nao wataongea baada ya fedha kuhesabiwa.

Fedha zitakaa benki chini ya sahihi tatu, moja ya kamati, moja ya akina mama na moja ya wavuvi. Ndani ya siku 14 hesabu zote zitabandikwa mlangoni mwa studio, msikitini na kanisani. Kinga ya radi itanunuliwa kwanza, itafungwa kwanza, na yeyote anayetaka kuja kuona fimbo za shaba zikizikwa ardhini aje na jembe lake. Baada ya hapo ndipo mtambo utakapoagizwa.

Na siku tutakaporudi hewani, kabla ya kaswida na kabla ya shukrani, tutaisoma tena tanzia ile iliyokatika, kwa idhini ya wafiwa: jina lake lote, jina la baba yake, na nyumba aliyotokea.

Wenu katika kuomba,
Kamati ya redio ya jamii