Malalamiko kuhusu gasketi nene ya kupunguza kompresheni

Gereji ya Maweni,
Malindi.

Kwa Meneja wa Mauzo na Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Bwana Meneja,

KUH: SETI YA TABO NA GASKETI NENE YA HEDI, INJINI YA 1NZ-FE

Mimi ni fundi wa magari hapa Malindi. Ninaandika kwa niaba yangu na ya mteja wangu mwenye Toyota Probox, aliyenunua kwenu seti ya tabo, kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada, kwa shilingi 148,000. Injini ya gari hilo imekufa. Wahudumu wenu wamenijibu kwa simu, kila mmoja na sababu yake, kwa hiyo naona bora haya yawe kwenye maandishi.

Mteja huyu hubeba kamba wa baharini na samaki wa barafu kutoka Ngomeni kwenda Mombasa. Hana haja ya mashindano. Alitaka gari lisichoke na mzigo. Mlimwambia kwamba kompresheni ya 1NZ-FE, injini ya gari lake, yaani kiasi ambacho pistoni inabana mchanganyiko wa hewa na petroli, iko juu mno kwa tabo, jambo ambalo ni kweli kwa presha kama yenu, na kwamba dawa yake imo ndani ya boksi: gasketi nene ya hedi, ile inayokaa kati ya bloku ya injini na hedi, itakayoshusha uwiano wa kubana kutoka 10.5 hadi 8.5. Karatasi iliyokuja na boksi inasema hivyo hivyo, na inaongeza kwamba seti inafungwa popote nchini, kwa presha ya paundi 7 kwa inchi ya mraba, bila kurekebisha kitu. Niliifunga kama karatasi inavyoagiza, bolti za hedi kwa spana ya torki na kwa mpangilio wake.

Hesabu yenyewe ya 8.5 si ya kweli. Silinda ya injini hii ina kipenyo cha milimita 75 na pistoni ina mwendo wa milimita 84.7, yaani kila silinda ina ujazo wa sentimita za ujazo 374 hivi. Ili uwiano uwe 10.5, nafasi inayobaki pistoni ikifika juu kabisa ni kama sentimita 39.4 za ujazo. Gasketi yenu nimeipima kwa maikromita baada ya kuivua, na imeizidi ile ya kiwandani kwa milimita 1.2. Unene huo unaongeza nafasi ya sentimita za ujazo 5.3 tu. Mkigawanya ujazo wote kwa nafasi inayobaki mtapata uwiano wa karibu 9.4. Kufika 8.5 ingebidi gasketi iizidi ya kiwandani kwa karibu milimita 2.4, mara mbili ya hii mliyotuuzia. Mteja alilipia namba ambayo haimo ndani ya boksi.

Na hata ingekuwa nene kiasi hicho, bado nisingeikubali. Hedi ya 1NZ-FE imechongwa ili ukingo wa pistoni uikaribie sana inapofika juu. Pale pembeni mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa na kurushwa katikati kwenye plagi, ukavurugika, ukawaka haraka na kwa usawa. Mkiinua hedi, mnaiua kazi hiyo. Moto unasafiri polepole, na mchanganyiko uliobaki pembeni unapata muda wa kupata joto na kulipuka wenyewe kabla moto haujaufikia. Huko ndiko kugonga, na ndicho kitu ambacho kushusha kompresheni kulikusudiwa kukizuia. Isitoshe, hedi ikipanda, kamshafti inayofungua vali inakuwa mbali zaidi na krenki inayozungushwa na pistoni, na taimingi ya vali inasogea kutoka alama zake. Karatasi yenu haisemi lolote juu ya haya mawili.

Toyota wenyewe walipotengeneza Starlet GT ya tabo hawakuweka gasketi nene. Injini ya 4E-FE isiyo na tabo ina uwiano wa 9.6, ndugu yake 4E-FTE ya Starlet GT ina 8.2, na tofauti hiyo wameipata kwa pistoni zenye bakuli kichwani. Pistoni za namna hiyo ni ghali, najua. Lakini mteja alikuwa na haki ya kuambiwa kwamba njia iliyo sahihi ni ile, au kwamba angeweza kubaki na kompresheni ya kiwandani akatumia presha ndogo, kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, na taimingi ya moto iliyorudishwa nyuma, yaani plagi iwashe ikichelewa kidogo. Angechagua mwenyewe. Badala yake aliuziwa njia ya mkato iliyopewa jina la dawa.

Sasa suala la "popote nchini". Kiboksi cha kuongeza petroli kilichomo kwenye seti mlikiseti Nairobi, na mhudumu wenu alinithibitishia hivyo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ina presha ya paundi 12 hivi kwa inchi ya mraba. Hapa Malindi tuko ufukweni: paundi 14.7. Tabo ikiongeza paundi 7, Nairobi injini inapata 19, huku kwetu inapata karibu 22. Hiyo ni hewa zaidi kwa takriban asilimia 14, ndani ya injini ambayo hesabu yake ya petroli na moto haikuwahi kujaribiwa kwa hewa nyingi kiasi hicho. Ongezeni joto la kaskazi, na kwamba seti yenu haina kipoza hewa hata kimoja.

Gari lilianza kugonga likipanda na mzigo baada ya daraja la Sabaki, mlio kama kokoto ndani ya kopo. Dereva aliachia mafuta mara moja na akaniletea, lakini kazi ilikuwa imekwisha. Nilipopima kompresheni, silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa juu ya paundi 160, na ya tatu ilisoma 55. Nilifungua. Pistoni ya silinda hiyo imevunjika kati ya ringi ya kwanza na ya pili, kipande cha urefu wa ukucha kimetoka. Kwenye kauri ya plagi yake mna chembe ndogo za alumini zinazong'aa, zilizotoka kwenye kichwa cha pistoni. Gasketi imeanza kuungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, ila alama ya kukazwa kwake ni sawa pande zote, kwa hiyo yule mhudumu aliyesema sikukaza bolti vizuri angetazama kwanza.

Mwingine alisema ni petroli ya Malindi. Subaru Forester za tabo ninazozihudumia hapa hujaza kwenye pampu hizo hizo na hazivunji pistoni.

Mteja wangu ana watoto wanaokula kwa gari hilo, na sasa anakodi la mtu kila akipata mzigo. Tunadai mrudishe shilingi 148,000 za seti, na mlipe gharama ya pistoni, konrodi, gasketi ya kiwandani na kazi ya kuifanyia injini overholi, kama ankara niliyoiambatisha inavyoonyesha. Tunadai pia mwiondoe gasketi hii kwenye seti, au angalau muandike uwiano wake halisi na kwamba kiboksi lazima kisetiwe upya mahali gari litakapotumika. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupata maelezo anayohitaji ili anufaike nazo. Tukikosa jibu la maandishi ndani ya siku 14, tutapeleka dai Mahakama ya Madai Madogo. Jumla yake iko chini ya shilingi milioni moja.

Pistoni, plagi na gasketi nimezihifadhi gerejini bila kuzisafisha. Mkimtuma fundi wenu, siku yoyote ya kazi atanikuta hapa, na aje na maikromita yake.

Wako mwaminifu,

Fundi Mkuu,
Gereji ya Maweni, Malindi.